Kusahihishana kazi chuoni: fundo la alama na maoni

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anafungua insha yake iliyorudi. Juu imeandikwa 58. Chini yake kuna maoni ya wenzake watatu, wote bila majina. Wa kwanza: "Kazi nzuri, hongera." Wa pili: "Utangulizi mrefu mno, punguza." Wa tatu: "Utangulizi haujaeleza vya kutosha, ongeza." Anabaki ameishika karatasi, maswali yanamjia kwa mkupuo. Hawa wenzangu wanajua nini kunizidi? Nimsikilize nani kati ya hawa wawili wanaopingana? Na mhadhiri, yeye kazi yake ni ipi?

Maswali hayo ni halali. Ugumu unaanzia kwenye jina lenyewe, kwa sababu neno moja, kusahihishana, limebebeshwa kazi mbili. Kuna kumpa mwenzako alama, yaani kusema kazi yake inasimama wapi kati ya 0 na 100. Na kuna kumpa maoni, yaani kumweleza jinsi kazi yake ilivyokufikia wewe msomaji, na nini kingeifanya iwe bora. Kazi hizi mbili zinataka maandalizi tofauti na kila moja ina namna yake ya kuharibika. Vyuo vingi huzifunga pamoja kwenye fomu moja, ndani ya wiki moja, halafu vinashangaa wanafunzi wakilalamika.

Jambo hili si geni. Tangu mwishoni mwa karne ya 18, George Jardine, profesa wa mantiki katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alikuwa akiwataka wanafunzi wake wasome na kupima insha za wenzao. Kilichobadilika tangu hapo ni ukubwa wa madarasa. Chukua ukumbi wa wanafunzi 400. Mhadhiri akitumia dakika 20 kwa kila rasimu, awamu moja tu itamla zaidi ya saa 130. Ndiyo maana wengi wamekimbilia kusahihishana kama njia ya kupunguza mzigo, na kwa maoni yangu hapo ndipo safari inapoanza na mguu mbaya: lililo la thamani zaidi katika zoezi hili halihusiani na kumpunguzia mhadhiri kazi.

Tuanze na alama, maana ndizo zinazowapandisha watu joto.

Mwaka 2000, Nancy Falchikov na Judy Goldfinch walikusanya tafiti 48 zilizolinganisha alama walizotoa wanafunzi na zile walizotoa walimu kwa kazi zilezile. Kwa wastani, kipimo cha uwiano kilikuwa 0.69. Kipimo hicho kikiwa 1, pande mbili zinapanda na kushuka pamoja bila kuachana. Kikiwa 0, hazihusiani hata kidogo. Tafsiri yake ni hii: ukipanga darasa zima kuanzia kazi bora hadi iliyo dhaifu, orodha ya wanafunzi na orodha ya mwalimu zitafanana kwa kiasi kikubwa, lakini kwa mwanafunzi mmoja mmoja pengo laweza kuwa la kuumiza. Yule wa 58 ana sababu ya kuuliza.

Ndani ya matokeo hayo kuna jambo ambalo ningependa kila mhadhiri alijue. Wanafunzi walimkaribia mwalimu zaidi walipotoa hukumu moja ya jumla, wakiongozwa na vigezo walivyovielewa vizuri, kuliko walipotakiwa kugawa alama kwa vipengele vingi vidogo, kimoja kimoja. Mazoea yetu ni kinyume. Tunatengeneza jedwali la vipengele 12, kila kimoja kuanzia 1 hadi 5, tukiamini kwamba kukatakata ndiko kunakoleta haki. Lakini mtu ambaye bado anajifunza hawezi kutofautisha "mtiririko wa hoja" na "mshikamano wa aya". Anakisia. Ukimpa nafasi 12 za kukisia, unakusanya makisio 12.

Kabla hatujamtwika mwanafunzi lawama zote, tukumbuke kwamba hata mizani ya mwalimu huyumba. Mwaka 1912, Daniel Starch na Edward Elliott walichapisha matokeo ya jaribio lao huko Marekani: karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza zilipelekwa kwa walimu wa shule za sekondari wasahihishe kama kawaida yao, na wakarejesha walimu 142. Karatasi moja ilipata alama kuanzia 64 hadi 98. Nyingine ilipata kuanzia 50 hadi 97. Karatasi ileile. Kwa hiyo tunapouliza kama wanafunzi wanaweza kuaminiwa na kalamu nyekundu, tunawalinganisha na kitu ambacho chenyewe hakijasimama imara kama tunavyodhani.

Dawa ya kuyumba inajulikana, nayo ni kuongeza macho. Msahihishaji mmoja akiwa mkali na mwingine mpole, makosa yao huelekea kufutana. Namna ya kujumlisha nayo ina uzito wake. Tuseme watatu wametoa 64, 66 na 20, yule wa mwisho akiwa hakusoma au ana kinyongo. Wastani unashuka hadi 50. Lakini ukizipanga na kuchukua iliyo katikati, unapata 64, na ile 20 inakosa nguvu ya kumzamisha mtu. Kozi kubwa za mtandaoni zilijifunza hili mapema kwa kulazimika, kwa kuwa hakuna mhadhiri wa kusoma kazi za makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 2013, Chris Piech na wenzake walichambua alama 63,199 ambazo wanafunzi wa kozi moja ya Coursera walikuwa wamepeana, wakaunda njia za kihesabu za kukadiria nani ana mazoea ya kubana, nani wa kumwaga, na nani anaaminika kiasi gani, ili alama ya mwisho isahihishwe kulingana na tabia hizo.

Hesabu inaweza kufika mbali, basi. Ila kuna upande ambao haiwezi kuugusa, na huo ndio unaonigusa mimi zaidi.

Mwaka 1989, mwanazuoni wa Australia, Royce Sadler, aliuliza swali linaloonekana jepesi: kwa nini mwanafunzi anaweza kupewa maoni sahihi kabisa mwaka baada ya mwaka na asipige hatua? Jibu lake lilikuwa kwamba ili mtu aboreke, lazima kwanza awe na picha ya kiwango anachokiendea, aweze kulinganisha kazi yake na kiwango hicho, kisha awe na la kufanya ili kupunguza pengo. Mwalimu amekaa na picha hiyo kichwani kwa miaka. Amesoma insha elfu moja mbovu na mia moja nzuri. Jicho lake limezoea. Mwanafunzi amesoma insha moja tu ya darasa lile, yaani yake. Unapomwandikia "hoja haijajengeka", unamwonyesha kidole kitu ambacho hajawahi kukiona kikiwa kimejengeka.

Sasa mpe insha nne za wenzake azisome kwa makini. Kwa mara ya kwanza anaona swali lilelile likijibiwa kwa njia nne. Anaona mmoja alivyoingia kwenye hoja moja kwa moja, na mwingine alivyozunguka kurasa mbili kabla ya kufika. Anakwama kwenye aya isiyo na kiungo na anajua amekwama, kwa sababu yeye si aliyeiandika na hana cha kujazia pengo. Nyani haoni kundule, huona la mwenziwe: methali hii husemwa kwa kukemea, lakini katika kujifunza inaeleza vizuri jinsi jicho linavyofunguka. Kosa huonekana kwanza kwa mwenzio. Kisha, ukirudi kwenye kazi yako ukiwa na jicho hilo jipya, unaanza kuliona kwako.

Jambo hili limewahi kupimwa kwa namna niipendayo kwa usahili wake. Mwaka 2009, Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti waliofanya na wanafunzi 91 waliokuwa wakijifunza kuandika kwa Kiingereza kama lugha ya pili, katika Chuo Kikuu cha Brigham Young. Kundi moja lilifundishwa kutoa maoni juu ya maandishi ya watu wengine, wala halikupokea maoni yoyote. Kundi la pili lilifundishwa kupokea maoni na kuyatumia, bila kutoa. Mwishoni mwa muhula, waliotoa tu walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi katika uandishi wao wenyewe kuliko waliopokea tu, hasa wale waliokuwa katika ngazi ya chini ya lugha.

Matokeo hayo yanageuza lile swali la kwanza la mwanafunzi wetu. Hata kama wenzake hawajui lolote kumzidi, zoezi halijawa bure, kwa sababu faida yake kubwa aliipata wiki iliyopita, alipokuwa yeye ndiye msomaji. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia hivyo. Aliambiwa asahihishe kazi tatu kama sharti la kupata alama zake, akazimaliza kwa dakika kumi, na jicho halikufunguka.

Kit Double na wenzake walipojumlisha tafiti 54 mwaka 2020, waliona kwamba wanafunzi waliopimana walifanya vizuri zaidi kuliko ambao hawakupimwa kabisa, na pia kuliko waliopimwa na mwalimu peke yake. Lakini walipolinganishwa na wanafunzi waliojipima wenyewe, tofauti haikuwa ya kutegemewa. Mimi nausoma utafiti huo hivi: kinacholeta maendeleo ni kule kuketi mbele ya kazi na kuamua ubora wake, kazi iwe ya mwenzako au yako.

Maoni yenyewe yaweje? Hapa pana hatari ambayo watu wengi hawaijui. Mwaka 1996, Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya vipimo 607 vya athari za mrejesho kwenye utendaji wa watu. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo, uliwafanya watu wafanye vibaya zaidi kuliko ambavyo wangefanya wasingeambiwa kitu. Maelezo yao yalikuwa kwamba mrejesho hupungua nguvu kadiri unavyohamisha mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi kwenda kwenye nafsi yake. "Wewe ni hodari" na "wewe ni mvivu" zina kasoro moja: zote mbili zinamfanya ajifikirie yeye, na aya ya tatu inabaki kama ilivyokuwa.

Tuchukue mfano. Insha inazungumzia kwa nini bei hupanda. Msomaji wa kwanza anaandika: "Hoja hazina mtiririko." Ni kweli, lakini haishikiki. Msomaji wa pili anaandika: "Kwenye aya ya 3 unasema mishahara ikipanda na bei nazo hupanda. Aya ya 4 inaanza na kodi. Nilirudi nyuma mara mbili kutafuta kinachoziunganisha, sikukiona. Ulitaka kusema kwamba zote mbili zinamwongezea mzalishaji gharama? Kama ndivyo, sentensi moja ya kusema hivyo kabla ya aya ya 4 ingenitosha." Huyu wa pili si lazima awe anajua uchumi kuliko mwandishi. Alichofanya ni kutaja mahali, kueleza kilichomtokea alipofika hapo, kukisia nia ya mwandishi na kupendekeza hatua. Mwanafunzi yeyote anaweza kufundishwa kufanya hivyo kwa saa moja, na ningesema saa hiyo inastahili kuchukuliwa hata kutoka kwenye muda wa mhadhara.

Msomaji wa pili hana haja ya kuwa na mamlaka. Akisema "nilikwama hapa", hakuna awezaye kumbishia kwamba hakukwama. Ushahidi wa namna hiyo mhadhiri mwenyewe hawezi kuutoa, kwa sababu yeye anaijua mada kiasi kwamba anaruka mapengo bila kuyahisi.

Sasa turudi kwenye fundo. Kwa nini alama na maoni visiende pamoja? Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti kuhusu watoto wa shule nchini Israeli, ambao baadhi walipewa maoni tu, baadhi alama tu, na baadhi vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndio walioendelea kuipenda kazi na kuifanya vizuri. Waliopewa vyote viwili hawakufaidi kama wao. Namba ilikuwa imeyafunika maneno. Hao walikuwa watoto, na mtu mzima wa chuo kikuu si mtoto wa shule, lakini yeyote aliyewahi kugawa kazi zilizosahihishwa ukumbini ameona macho yanapokwenda kwanza, na mara nyingi ndipo yanapoishia.

Wanafunzi wanapopeana alama wao kwa wao, kuna la ziada. Alama hugusa urafiki. Ukinipa 45 nami nikagundua ni wewe, tutakutana mgahawani. Kwa hiyo wengi hupeana 75 na "hongera" juu yake ili amani idumu, na wachache hulipizana visasi. Kuficha majina kunapunguza haya na hofu, na kwa alama nadhani ni lazima. Kwa maoni naona tofauti kidogo. Msomaji asiye na jina anaweza kuwa mkali bila sababu, na mwandishi hana wa kumuuliza "ulimaanisha nini?" Njia ninayoiona ya busara ni kuanza muhula bila majina, watu wakiwa bado wanaogopana, kisha kuyafungua kadiri darasa linavyozoea, mpaka maoni yawe mazungumzo ya ana kwa ana.

Hata hivyo, ipo sehemu moja ambapo wanafunzi kupeana alama hakukwepeki, nayo ni kazi za vikundi. Mhadhiri anaona ripoti. Hamwoni aliyekesha akiiandika wala aliyejitokeza siku ya kutia jina tu. Wanaojua ni wanakikundi wenyewe. Programu ya WebPA, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Loughborough nchini Uingereza, inatumia hesabu inayoeleweka hata kwa karatasi na kalamu. Kikundi kina watu wanne na ripoti imepata 60. Kila mmoja anapewa fungu la 1 aligawe kwa wanakikundi kulingana na mchango wao. Mtu aliyechangia sawa na wengine atakusanya jumla ya 1 kutoka kwa wote wanne, na atapata 60 ile ile. Aliyebeba wengine akikusanya 1.2, alama yake inakuwa 72. Aliyezembea akikusanya 0.8, anapata 48. Mhadhiri anayeona tofauti hiyo ni kali mno anaweza kuamua kwamba nusu ya alama haiguswi na mgawo: hapo wa kwanza anapata 66 na wa mwisho 54. Masharti yake ni kwamba kikundi kijue kanuni hiyo siku ya kwanza, na mgawo wa majaribio ufanyike katikati ya muhula, wakati mzembe bado ana nafasi ya kubadilika. Ukiileta wiki ya mwisho, imekuwa mtego.

Nje ya vikundi, ningeweka alama za wanafunzi mahali pamoja tu: kwenye mazoezi ya kunoa jicho. Mfumo wa Calibrated Peer Review, ulioanzia katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), ulifanya hivyo kwa utaratibu mzuri. Mwanafunzi huwasilisha insha yake, kisha kabla ya kugusa ya mwenzake anasahihisha insha tatu za mfano zilizoandaliwa na mhadhiri, nzuri na mbaya zikiwa zimechanganywa. Alama zake zinalinganishwa na za mhadhiri. Akiwa mbali sana, anarudia. Akishapita, ndipo anasoma za wenzake, na mwisho kabisa anarudi kujipima mwenyewe. Huo mwisho mara nyingi husahaulika kwenye vyuo vinavyoiga nusu ya utaratibu, nao ndio wakati wa jicho kurudi nyumbani.

Si lazima kuwa na programu. Mhadhiri anaweza kuleta insha mbili za miaka iliyopita zilizofutwa majina, akaliuliza darasa ipi ni bora na kwa nini, akanyamaza. Vigezo vitakavyotoka kwenye mabishano hayo vitaeleweka kuliko jedwali lolote litakalobandikwa ukutani. Ratiba nayo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa: maoni yanayokuja baada ya kazi ya mwisho kufungwa hayana pa kwenda. Yaje kwenye rasimu, kukiwa na wiki moja ya kuandika upya, na kazi ya mwisho iambatane na nusu ukurasa ambao mwandishi anaeleza ni maoni yapi ameyachukua, yapi ameyaacha, na kwa nini.

Nusu ukurasa huo ndio mhadhiri anapaswa kuusoma kwa makini kuliko kitu chochote, na hapo ndipo lilipo jibu la yule aliyeuliza kazi yake ni ipi. Mhadhiri anayeanzisha kusahihishana ili apumzike, wanafunzi wanamjua mapema, nao huupokea mzigo kama watu waliotupiwa. Kwa kweli awamu ya kwanza humgharimu muda zaidi: kuandaa mifano, kupitia maoni yenyewe, kusimamia malalamiko, na kusaini alama ya mwisho kwa jina lake.

Limebaki swali la kati, la wasomaji wawili wanaopingana. Mmoja anasema utangulizi ni mrefu, apunguze. Mwingine anasema haujaeleza vya kutosha, aongeze. Akiyachukua kama maagizo, hana pa kushika. Akiyachukua kama habari za wasomaji wawili waliopita njia ileile, anaona kwamba wote wawili wamejikwaa palepale, kwenye utangulizi, na hakuna aliyelalamikia ukurasa wa nne. Anaurudia utangulizi na kuusoma kama vile ni wa mtu mwingine. Una aya tatu za historia ya mada, na swali la insha linajitokeza mara ya kwanza kwenye mstari wa mwisho wa aya ya tatu. Yule wa kwanza alichoka kulisubiri. Yule wa pili lilimpita bila kuliona. Anakata aya mbili, analileta swali juu, analieleza kwa sentensi nne, kisha anachukua karatasi ya nusu ukurasa na kuanza kuandika alivyowafuata wote wawili.